Pamba Katika Pua ya Dizeli

Usiku wa jana, nikiwa nimelalia ubavu wa kulia kama nilivyofundishwa, niliota injini ya dizeli imekuja kubisha hodi nyumbani kwangu.

"Hodi," akasema.

"Karibu," nikamjibu. "Ila usikanyage mkeka, ndiyo kwanza umetoka kuoshwa."

Katika ndoto ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka kwenye kizingiti, na mimi nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage. Kwa kuwa alibisha hodi kwa adabu, nikamhesabu mtu. Nikamtazama vizuri, nikamtambua. Alikuwa ndiye yuleyule wa Zulfa.

Zulfa ni binti yangu, na kazi yake ni ufundi wa magari. Marehemu mume wangu, Mzee Shemahonge, alituachia pikapu ndogo yenye rangi ya maziwa yaliyoingia chai. Injini yake ya petroli ilikuwa imechoka. Ikipanda huku kwetu milimani na magunia sita tu ya kabichi, inalia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani. Zulfa akasema, mama, hii tuitoe, tuweke ya dizeli, dizeli ndiyo yenye kifua cha milima. Akaipata moja iliyotolewa kwenye gari lililopinduka huko mabondeni. Akachomelea vyuma vya kuikalia, akaifunga nati kwa nati, mikono yake mwenyewe. Na siku ya tatu sasa inazunguka tu, haiwaki. Stata inalia, injini inazunguka, moshi hata wa sigara hautoki.

Jana jioni Zulfa alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akanawa tena, akaniambia, "Mama, kesho asubuhi napiga mara ya mwisho. Ikikataa, spana zangu natia kwenye gunia, naenda Tanga kwa kaka kumsaidia duka. Nimechoka kuchekwa."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Basi mgeni akaingia. Sasa, Zulfa alikwisha kunieleza kwamba dizeli ni nzito kuliko petroli, kwamba ukiitia mbele gari linainama pua, lazima uongeze springi. Nyumba yangu haijaongezwa springi. Mgeni alipotua mguu sebuleni, nyumba nzima ikainama upande wa barazani. Kabati likaja, kiti kikaja, birika likaja. Maharage nayo yakabingirika, mazima yakaenda kulia na mabovu yakaenda kushoto, yakawa yamejichambua yenyewe.

Nikashukuru kimoyomoyo, maana kazi ile huniumiza mgongo.

"Bi mkubwa," akasema mgeni, "samahani kwa usumbufu. Siwezi kuvuta pumzi."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa pua.

"Una mafua?"

"Sina mafua. Mimi mambo yangu ni matatu tu. Navuta hewa, naibana mpaka ipate moto, halafu nanyunyiziwa mafuta, yanawaka yenyewe. Kiberiti sihitaji. Lakini siwezi kubana nisichokivuta."

"Yaani wewe unabanwa tu, mpaka unawaka?"

"Ndiyo."

"Alikuwepo mama mkwe wangu wa namna hiyo."

"Sikubahatika kumfahamu," akasema kwa heshima.

Nyuma ya mlango nikasikia watu wanaguna. Nikachungulia. Walikuwa plagi wanne wa ile injini ya zamani, wamejifunika nguo nyeupe, wamekaa eda.

"Bibi," akasema mkubwa wao, "tumesikia huyu bwana anawaka mwenyewe. Sisi ndio tuliokuwa tunamwashia marehemu. Sasa tutafanya nini?"

Nami eda naijua. Nilikaa miezi minne na siku kumi, natazama ukuta ule ule. Nikawaambia, "Eda ina mwisho, wanangu. Ikiisha, kuna mkeka wangu wa kuanikia mahindi, pembe zake nne hupeperushwa na upepo. Kila mmoja atakaa pembe yake."

Wakatazamana. "Kuna kivuli?" akauliza mdogo wao.

"Asubuhi kipo."

Wakakubali.

Nilipogeuka, sebule haikuwa sebule tena. Niko chini ya boneti ya pikapu, dari ni ile boneti yenyewe na kijiti chake cha kuishikilia, na kigoda changu kimewekwa pale linapokaa betri. Zulfa yuko mbele yangu, amevaa ovaroli, anampokea mgeni kama anavyopokewa bwana harusi.

Giaboksi, ambaye ndiye mzee wa ukoo aliyebaki ndani ya gari, anakohoa mafuta mazito.

"Huyu kijana," anasema Giaboksi, "meno yake na yangu yanaingiliana?"

"Nimepima, baba mkubwa," anajibu Zulfa. "Yanaingiliana."

"Na rejeta inamtosha? Asije akatuchemkia mlimani, tukaonekana ukoo wa watu wenye hasira."

"Inamtosha. Nimeweka kubwa zaidi."

"Na huyu ana sauti gani? Yule marehemu alikuwa na sauti nyororo."

Mimi nikatazama chini.

Hapo ndipo akaja Mzee Shekalaghe. Ni jirani yetu, na kila asubuhi hupita na redio yake kwapani kuuliza, "Fundi, imeamka?" Kwenye ndoto alikuwa mdogo kama bilauri, anaishi ndani ya sanduku la spana la Zulfa, katikati ya namba kumi na namba kumi na mbili.

"Fundi," anasema, akitoa kichwa, "imeamka?"

"Bado, mzee wangu," anasema Zulfa.

"Mimi sisemi kitu. Nasema tu, toka nizaliwe sijaona mwanamke akiamsha dizeli."

"Toka uzaliwe umeishi ndani ya sanduku," namwambia.

"Hilo nalo kweli," anasema, na anapandisha sauti ya redio.

Zulfa anaanza kutoa upepo. Hata mchana wa kweli hivyo ndivyo afanyavyo, siku tatu hizi mpaka kidole gumba kimeota lengelenge. Anasema mama, dizeli haitaki upepo kwenye njia ya mafuta hata chembe, upepo ukiingia umekwisha. Analegeza nati ndogo, anabonyeza pampu ya mkono, na mapovu yanatoka.

Ila katika ndoto kila povu linalopasuka linasema neno.

"Mtoto wa kike na grisi!" linasema la kwanza.

"Mume atampata wapi na mikono ile!" linasema la pili.

"Baba yake angekuwa hai angemkataza," linasema la tatu, na nikaijua sauti. Ilikuwa ya shoga yangu mmoja ambaye hula kwangu kila Ijumaa.

Zulfa hainui kichwa. Anabonyeza. Maneno yanatoka, makubwa kwa madogo, yanapasuka hewani. Nikaelewa kwamba mwanangu alikuwa ameyameza yote, mwaka hata mwaka. Mwisho likatoka povu dogo kabisa, kama punje ya ulezi, likasema kwa sauti yangu mimi mwenyewe: "Zulfa mwanangu, si uiache tu gari ya baba yako ilivyo?"

Likapasuka.

Baada ya hapo ikatoka dizeli tupu, safi, haina neno. Zulfa akakaza nati.

"Upepo umekwisha," akasema. "Sasa tumpashe joto."

Dizeli huwa haiwashwi kwa pupa. Unafungua swichi kwanza, na kwenye dashibodi kinawaka kitaa cha njano chenye alama iliyojikunja kama konokono. Unasubiri kizimike, ndipo unapiga stata. Zulfa alinifundisha hilo siku ile ile alipokifunga.

Anafungua swichi. Konokono anawaka, anatoa pembe zake, anashuka kwenye kitaa, anaanza kutembea juu ya dashibodi kutoka upande wa dereva kwenda upande wa abiria.

"Tunasubiri nini?" anauliza Mzee Shekalaghe.

"Afike," anasema Zulfa.

Tukasubiri. Mahindi yakaota nje ya dirisha, yakapaliwa, yakavunwa. Konokono alifika katikati akasimama, akatuuliza kama kuna mtu ana haraka. Tukasema hakuna. Akaendelea. Mimi nilimaliza kusuka ukili mzima, pima kumi na mbili, nikaukunja. Mzee Shekalaghe alilala, akaamka, akauliza kama imeamka, akalala tena.

Konokono akafika, akazimika.

Zulfa akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka. Haikuwaka.

Akashusha mkono. Akaenda akachukua gunia, akaanza kutia spana, moja moja, kila moja akiifuta kwanza kwa kitambaa. Namba nane. Namba tisa. Namba kumi, ambayo Mzee Shekalaghe alikuwa ameiegemea, naye akaanguka.

"Bi mkubwa," akasema mgeni, na sasa sauti ilikuwa ndogo sana, "tafadhali. Ni nani aliyeniosha?"

"Kukuosha?"

"Siku niliyofika. Niliwekwa barazani, mvua inanyesha. Akaja mtu akanifuta kwa maji ya vuguvugu, kuanzia upande wa kulia. Mkono mwepesi sana. Halafu sikupumua tena."

Nyumba, ambayo ilikuwa imerudi kuwa nyumba, ikazidi kuinama.

Wajukuu zangu wanajua, na nyinyi msiojua nitawaambia: kijijini kwetu mimi ndiye mwosha maiti za wanawake. Mwaka wa thelathini na moja huu. Nina sanduku langu, ndani yake mna bafta nyeupe, pamba, karafuu maiti na sabuni isiyonukia sana. Siku injini ile ilipoletwa, Zulfa alikwenda kutafuta nati, ikabaki peke yake barazani, matundu wazi, mvua inapiga. Nikaitazama. Nikasema maskini, gari lake limekufa, limeiacha yatima, na hapa nyigu watajenga ndani, na panya watazaa. Mikono ikaenda yenyewe. Nikaifuta. Nikakata bafta vipande, nikaviringa pamba ndani, nikafunga fundo langu, nikaziba kila tundu. Aliporudi Zulfa alicheka, akasema, "Mama, umeisitiri!" Akazichomoa, akaanza kazi.

"Ulinipenda, bi mkubwa?" akauliza mgeni.

Ningeweza kusema ndiyo. Hata mdomo ulifunguka kusema ndiyo, na nyumba ikapiga kelele kwenye misumari. Nikasema kweli.

"Nilikuonea huruma. Kukupenda, hapana."

"Kwa nini?"

"Yule uliyekalia nafasi yake, mlio wake niliujua miaka kumi na tisa. Akifika kwenye kona ya msikiti tu, mimi nabandika chai. Mume wangu akifika mlangoni, chai inachemka. Baada ya yeye kufa, Zulfa akawa analeta mlio ule ule. Nami nabandika chai ile ile. Wewe sijui unaliaje."

"Hata mimi sijui," akasema mgeni. "Nimesahau."

Nje, karibu na banda la kuku, yule injini wa zamani alikuwa amekaa juu ya matofali mawili, alipowekwa siku ile alipotolewa. Kuku wangu mweupe amemlalia, anaatamia mayai saba. Akakohoa. Kikohozi kile kile cha asubuhi ya baridi.

"Mama Zulfa," akasema. "Kitoe."

"Nitoe nini?"

"Ulichotia."

"Zulfa alishavitoa vyote!"

"Alikuuliza. Alisema, 'Mama, ni hizi tu?' Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu ni hizo tu."

"Ulihesabu?"

Nikatazama vidole vyangu. Kuku naye akavitazama.

Jamani, ningehesabu vipi? Kazi yangu mimi ni kutia. Miaka thelathini na moja natia pamba, na hata siku moja hajatokea mtu wa kuja kuniambia, mama, sasa itoe. Ukishaitia, imekwenda. Mkono wangu haukufundishwa kurudi.

"Basi leo urudi," akasema yule wa zamani. "Na usiniangalie mimi. Mimi nina mayai."

Nikakunja mkono wa gauni. Nikamwendea mgeni, nikasema "Bismillahi", nikatia vidole kwenye lile bomba linalovuta hewa, pale nyuma panapofunikwa na mpira mweusi wa kutoka kwenye chujio. Vidole vikaingia, kiganja kikaingia, kiwiko, bega. Nikaona ni tabu, nikainamisha kichwa nikaingia mzima.

Ndani ni ukumbi mrefu, kuta za chuma, umepigwa deki. Natembea bila viatu. Kwa mbali nasikia Zulfa anatia spana kwenye gunia. Namba kumi na nne. Namba kumi na saba. Naongeza mwendo.

Mwisho wa ukumbi, imekaa pamba yangu, imejikunja miguu, kubwa kama gunia la mchele, bafta nyeupe, fundo juu ya kichwa.

"Assalaam alaykum," nikasema.

"Wa alaykum salaam. Umechelewa."

"Nilidhani mlitoka wote."

"Walitoka sita. Mimi wa saba nilisukumwa ndani sana. Una vidole virefu, mama. Fundi alifunga mpira juu yangu hakuniona, mimi nami nikakaa. Nilidhani ni kaburini."

"Si kaburini."

"Kumbe ni wapi?"

"Ni puani."

Pamba ikafikiri. "Basi nimemkosea mtu adabu siku tatu," ikasema.

"Aliyekosea ni mimi," nikasema. "Wewe umekaa ulipowekwa. Na binti yangu hakukosea hata nati moja. Nitamwambia hivyo, kwa kinywa changu."

Hapo ikawa nyepesi. Nikaishika kwenye fundo, nikavuta. Mara ya kwanza haikuja. Mara ya pili nikaweka mguu ukutani, nikavuta kama navuta muhogo kwenye udongo mkavu. Nikasikia namba ishirini na nne, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo ya mwisho, inainuliwa kutoka kwenye sanduku.

"Zulfa!" nikaita. "Hiyo usiitie!"

Pamba ikachomoka.

Hewa ikanipita kwa kasi, na kanga, na ukili wangu wote pima kumi na mbili, na Mzee Shekalaghe na redio yake. Mgeni akavuta pumzi ndefu, ya siku tatu. Akaibana. Akaibana. Ukumbi ukapata joto kama jiko la mkate.

Akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," akasema.

Nikafungua kinywa nimjibu, nikaamka.

Nilikuwa kitandani kwangu, ubavu ule ule wa kulia. Nyumba imekaa sawa. Jogoo alikwisha kuwika, mwanga umeingia kwenye tundu la dirisha. Mlango wa chumba umefungwa kwa ndani na komeo lake, nilivyoufunga mwenyewe. Nyayo zangu nikazitazama, safi. Nikasema ndoto, basi, nikataka kujinyoosha, nikaona ngumi yangu ya kulia haifunguki vizuri, imekaza.

Nikaifungua kidole kimoja kimoja.

Ndani yake mlikuwa na kipande cha bafta kilichoviringwa pamba, kimebanwa mpaka kimepata umbo la bomba, upande mmoja mweupe na upande mmoja mweusi kwa mafuta. Nikakinusa. Fundo lilikuwa langu. Hakuna mwingine kijijini anayelifunga vile.

Nje nikasikia ndala za Zulfa. Mlango wa pikapu ukafunguka. Na redio ya Mzee Shekalaghe inakaribia, inatangaza vifo.

"Fundi," akasema, "imeamka?"

"Napiga mara ya mwisho, mzee wangu."

Kukawa kimya. Nikajua ni kitaa. Nikasubiri nacho, nimebana pumzi, pamba kifuani.

Stata ikalia. Injini ikazunguka mara moja, mara mbili, ikapiga chafya moja kubwa iliyowatimua kuku, kisha ikaanza kulia kwa sauti nzito, ya taratibu, sauti ambayo sijapata kuisikia barazani kwangu.

Redio ikazimwa.

"Mama!" Zulfa akapiga kelele. "Mama! Umesikia?"

"Yarhamukallahu," nikasema, maana chafya ya aliye hai hujibiwa.

Kisha nikatoka, pamba mkononi, nikaenda moja kwa moja jikoni kubandika chai. Nina neno la kumwambia binti yangu, na si neno la kumwambia mtu ambaye hajanywa kitu.